Baiskeli ya shokapu mbele na nyuma kwa mtoto wa miaka 10, Dodoma: ipi itamfaa?

Baba Tumaini, Iyumbu

Mbukwenyi wakuu. Natafuta baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma kwa binti wa miaka 10. Urefu wake sm 136, uzito kilo 31, na anarefuka kwa kasi. Njia zake ni zile za huku Iyumbu kuelekea vilima vya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma): changarawe, mawe yaliyochomoza, makorongo yenye mchanga, na mbigili ndiyo usiseme.

Zimepatikana tatu:

1. Mpya ya dukani, tairi 24, fremu ya chuma, gia 21, breki za diski. Springi ya nyuma imeandikwa 750. Kwenye mizani imefika kilo 16.

2. Mtumba wa Japani, tairi 26, inakunjika katikati na ina nembo ya kampuni ya magari. Springi iko chini ya siti.

3. Iko Dar. Aluminiamu, tairi 26, fremu ndogo, shokapu zote mbili za upepo, kilo 13.5. Mwenyewe anataka milioni 1.2, na hapo ndipo bajeti yangu inapoishia.

Namba 3 ni kubwa kwake kwa sasa, lakini si atakua? Na hiyo 750 maana yake nini?

Spoku 36

Mkuu, umri weka pembeni, na hiyo 136 peke yake haitoshi. Leta kipimo cha mguu kwa ndani. Avue viatu, mgongo ukutani, abane kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu akikipandisha juu kama vile amekalia siti, ukingo mmoja uguse ukuta ili kisilale upande. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Rudia mara tatu, maana watoto wanapenda kujinyanyua kwa vidole ili waonekane warefu.

Kwenye baiskeli pima kutoka chini hadi juu ya bomba la juu la fremu, pale atakaposimama akishuka kwenye siti. Akiwa na viatu ibaki nafasi ya sm 3 hadi 5. Pungufu ya hapo, siku atakayoruka kutoka kwenye siti kwa dharura, huku tairi liko juu ya jiwe na mguu uko kwenye shimo, ataliangukia bomba.

Namba 2 ifute leo hii. Hizo za Japani zenye majina ya magari nyingi zina maandishi ya Kijapani, kwenye stika ya fremu au kwenye kijitabu chake, yanayokataza kuzipitisha njia mbovu. Ipige picha hiyo stika, simu itakutafsiria. Zilitengenezwa za kwendea stesheni na kurudi. Tena bawaba ya kukunjia imekaa katikati ya bomba, pale pale panapobeba mzigo tairi la mbele likitua.

Fundi wa Majengo

Nianze na 750, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea. Ni paundi kwa inchi: ili springi hiyo iingie inchi moja unahitaji paundi 750, karibu kilo 340. Sasa tuipige hesabu kwa huyo binti.

Shokapu za aina hiyo mara nyingi zina mm 165 kutoka jicho hadi jicho (tundu la boliti kila ncha) na mwendo, yaani umbali inaobonyea, wa mm 38 (pima ya kwako usinukuu yangu). Tuseme tairi la nyuma linapanda mm 100 wakati shokapu inaingia mm 38. Uwiano ni 2.6. Binti akiwa na kofia na maji ni kilo 33, na akiwa amekaa asilimia kama 60 ya uzito iko nyuma: kilo 20, yaani paundi 44. Zidisha kwa 2.6, shokapu inabebeshwa paundi 114 hivi. Gawa kwa 750, unapata inchi 0.15. Hiyo ni mm 4 tu.

Shokapu ya njia za mawe inatakiwa ibonyee kama robo ya mwendo wake mtoto akiwa amekaa tu kimya, hapa ni mm 9 au 10. Robo hiyo ndiyo inayoliruhusu tairi kushuka kwenye shimo likabaki limegusa ardhi. Kwa mm 4 tairi litakuwa linaruka juu ya mawe kama fremu isiyo na shokapu kabisa, tofauti ni kwamba hii ina kilo mbili za ziada. Springi inayomfaa ni ya 300 hivi. Hiyo 750, kwa fremu hiyo hiyo, inamfaa mtu wa kilo 80.

Muuzaji atakwambia ulegeze ile pete ya kuzungusha. Pete hailainishi springi. Inapunguza tu mkazo wa mwanzo, na ukiilegeza sana springi inaanza kucheza na kugonga.

Kasoro ya pili: ndani ya shokapu nyingi za bei hiyo hakuna oili ya kuituliza. Ni springi tupu. Bonyeza siti kwa uzito wako wote, achia ghafla. Ikirudi kwa kishindo na tairi likanyanyuka, ujue mteremkoni itakuwa inamrusha mtoto kutoka kwenye siti. Yenye oili hurudi haraka lakini kwa utulivu, bila kudunda mara ya pili.

Ya tatu ni maungio. Shika tairi la nyuma, lisukume kushoto na kulia huku mkono mwingine ukiwa kwenye fremu. Kisha nyanyua baiskeli kwa kushika siti, taratibu, usikilize "kop". Mchezo wa upande ni wa bushi au beringi za maungio. Ule wa juu na chini kwa kawaida ni bushi za macho ya shokapu. Baiskeli za bei ndogo zina bushi za plastiki, na vumbi la huku, lenye mchanga mkali, linazila kama msasa. Fremu nzuri ina beringi zenye namba: 6000, 6001, 6900, 6901 na jamaa zake. Namba ikiwepo huna shida, unaenda duka la beringi unataja namba na kusisitiza 2RS, yaani yenye mpira pande zote mbili. Bushi isiyo na namba utabaki kumbembeleza fundi wa mashine akuchongee.

Na uzito. Kilo 16 kwa mtoto wa kilo 31 ni zaidi ya nusu yake. Jaribu kufikiria wewe wa kilo 75 ukisukuma baiskeli ya kilo 38 kupanda kilima cha Chimwaga.

Baiskeli za shokapu mbili zilizobuniwa kwa watoto kweli zipo: Commencal Clash 24, Transition Ripcord, Propain Yuma. Zina shokapu za upepo zinazosikia uzito mdogo, na kranki (mikono inayoshika pedeli) fupi. Lakini mpya zinavuka dola 1,500 kabla hujaweka usafiri na ushuru, kwa hiyo nazitaja kama kipimo cha macho tu, uone fremu ya mtoto inavyolazwa chini.

Namba 3 sijaikataa. Leta vipimo: urefu wa bomba la juu kutoka chini, urefu wa kranki (umechongwa nyuma ya mkono wake, karibu na pedeli), unene wa tairi, upana wa habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, na namba za shokapu.

Dada wa Kisasa

Kabla hamjafika mbali: kwa nini lazima shokapu ya nyuma? Kwa milioni 1.2 ningetafuta aluminiamu ya tairi 24 yenye foku (uma wa mbele wenye shokapu) ya upepo mbele tu, gia moja mbele ya meno 30 au 32 na nyuma 11 hadi 34 au zaidi. Hiyo inakaa kilo 11 hivi. Weka tairi nene, 2.3 au 2.4 kama foku inaruhusu, upepo psi 20 (psi ni kipimo cha presha). Mtoto wa kilo 31 akipita kwenye mawe, tairi lenyewe linafanya sehemu kubwa ya kazi ya shokapu, halina bushi wala beringi ya kuliwa na vumbi.

Wengi huku wanamjazia mtoto psi 40 kwa sababu ndiyo imeandikwa ubavuni mwa tairi. Ile iliyoandikwa ni kikomo cha juu.

Na hii ya "atakua tu" mniwie radhi, siipendi. Mtoto wa umri huo kwa kawaida anaongezeka sm 5 au 6 kwa mwaka, na wasichana wengi wanaanza kurefuka kwa kasi zaidi kati ya 10 na 12. Sawa. Lakini anajifunza kupiga kona na kutumia breki sasa hivi. Akiwa amejinyoosha kuufikia usukani mikono imenyooka kama fimbo, hawezi kukunja kiwiko, na bila kiwiko kukunjika foku ya aina yoyote haimsaidii. Kipimo: asimame juu ya pedeli, pedeli zikiwa sawa, mikono kwenye usukani. Viwiko vikunjike vyenyewe. Visipokunjika hata baada ya kuweka shingo fupi ya usukani ya mm 35 au 40, fremu ni ndefu.

Baba Tumaini, Iyumbu

Asanteni sana. Namba 1 na 2 nimeziacha. Dada, hoja yako nimeielewa, ila huku mteremko una mawe mfululizo, na mtoto mwenyewe ameng'ang'ania shokapu ya nyuma.

Vipimo: mguu kwa ndani sm 62. Namba 3: bomba la juu sm 64 kutoka chini (limelala sana kuelekea siti), kranki 170, tairi 26 x 2.35, habu ya nyuma mm 135, shokapu 190 x 50 (mm za urefu na mwendo wake), mwendo wa tairi la nyuma mm 120. Breki za diski za oili. Mhimili wa kranki ni wa pembe nne.

Fundi wa Majengo

Hapo kuna kazi ya kufanya, na inafanyika, kwa sababu breki ni za diski. Ingekuwa breki za rimu ningekwambia uiache.

Unaweka rimu za 24 kwenye fremu hiyo hiyo ya 26. Rimu ya 26 ina kipenyo cha mm 559, ya 24 ni mm 507. Nusu ya tofauti ni mm 26, kwa hiyo baiskeli nzima inashuka sm 2.6. Ukiweka tairi ya 1.95 badala ya 2.35, inashuka tena karibu sm 1. Bomba linatoka 64 linakuwa 60.4. Binti ana 62, na kiatu cha sm 2 ni 64. Nafasi inabaki sm 3.6. Inapita, si kwa raha sana, lakini inapita. Badilisha rimu zote mbili, mbele na nyuma. Ukibadilisha ya nyuma peke yake baiskeli inakaa kama imechuchumaa na usukani unakuwa mzito kwenye kona za polepole.

Hasara ni kwamba pedeli nazo zinashuka mm 36, zitagonga mawe. Dawa yake ni kranki fupi, ambayo hata hivyo anaihitaji: 170 ni ya mtu mzima, goti la mtoto linapanda mpaka karibu na kifua. Tafuta ya 152. Unarudisha mm 18, inabaki hasara ya mm 18. Afundishwe kuweka pedeli sawa anapopita kwenye mawe. Mhimili wa pembe nne umekuokoa, kwa sababu kranki za 152 za mtindo huo zinafunguliwa kwenye baiskeli za watoto za tairi 24 zilizokufa fremu. Hakikisha mkono wa kulia unabeba gia isiyozidi meno 32, na izungushe kwa mkono uone haigusi fremu.

Habu: mm 135 nyuma na 100 mbele ni za kawaida, hasa kama ekseli ya mbele ni ile ya kufungua kwa mkono. Nunua habu nyingine za diski za boliti sita, rimu za 24 za matundu 32, ufungiwe seti ya pili. Spoku zitakuwa fupi kwa takriban mm 26 kuliko zilizopo sasa, fundi azikate na kuzitia uzi. Asizikunje wala kuacha ncha imetokeza ndani ya rimu. Zile za 26 zioshe, zitundike. Akifika mguu wa sm 68 hivi unazirudisha, kranki unapandisha kuwa 160, na hujanunua baiskeli nyingine.

Angalia kitu kimoja kabla hujalipa. Kwenye fremu za shokapu mbili bomba la siti mara nyingi limekatika au limepinda, kwa hiyo nguzo ya siti haizami yote. Mwambie mwenye baiskeli aishushe hadi mwisho, apime kutoka katikati ya kranki hadi juu ya siti. Kwa mguu wa 62 unataka ishuke chini ya sm 50, ili aiweke juu kama sm 55 akipanda na aishushe akiteremka. Asikate nguzo ndefu. Mtoto ataihitaji mwaka ujao. Na asiivushe alama ya mwisho iliyochorwa kwenye nguzo, fremu hupasuka pale.

Bei: gharama ya rimu, habu, spoku na kranki iondoe kwenye 1.2. Asiposhuka, fuata ushauri wa Dada wa Kisasa.

Spoku 36

Nakazia kwenye tairi, maana Dodoma mitumba ya Japani imejaa na duka litakupa "24" yoyote. Usisome 24 peke yake. Tairi iliyoandikwa 24 x 1 3/8 ni ya rimu ya mm 540, ya baiskeli za kina mama za Kijapani na viti vya magurudumu. Kwenye rimu ya 507 itapwaya tu, haishiki hata ufanyeje. Iliyoandikwa kwa nukta, 24 x 1.95 au 24 x 2.1, ndiyo yako. Ubavuni utaona namba kama 50-507; hiyo ya mwisho ndiyo ukweli. Mtego huo huo uko kwenye 26: 1 3/8 ni mm 590, yenye nukta ni 559.

Mbigili: tyubu zenye valvu ya gari, toa koromeo la valvu kwa kile kifunguo cha bodaboda, ingiza ute wa kuziba pancha mililita 60 hadi 80 kila tairi, rudisha, jaza upepo, zungusha. Kwa ukame wa huku ute unakauka, kiangazi ongeza kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mbigili ukiuona umekaa usiung'oe kwanza; zungusha tairi, ndipo uutoe tundu likiwa chini, ute ulifikie.

Dada wa Kisasa

Haya, mmenishinda kwa hesabu. Basi nami niongeze breki. Kwenye kila mkono wa breki kuna skrubu ndogo, mara nyingi ya alen mm 2 au 2.5, inayosogeza mkono karibu na usukani. Sogeza mpaka kidole cha shahada kiushike kwenye pingili ya kwanza bila mtoto kuhamisha kiganja. Mkono usukume ndani kuelekea katikati ya usukani, kidole kikae kwenye ncha yake; ukikaa karibu na shina anahitaji nguvu mara mbili.

Na muulize muuzaji breki ni za oili gani. Shimano wanatumia oili ya madini, breki nyingi za SRAM zinatumia DOT. DOT utaipata duka lolote la spea za magari, ya madini itabidi uagize. Usichanganye kamwe: mipira ya ndani inavimba na breki inashikilia.

Baba Tumaini, Iyumbu

Amekubali 950,000. Rimu na kranki nimeshaulizia. Shokapu nitaijaza kiasi gani? Kituo cha mafuta wana kompresa.

Fundi wa Majengo

Kompresa hapana! Chumba cha upepo ndani ya shokapu ni kidogo, kompresa inapitiliza kipimo kufumba na kufumbua. Unahitaji pampu ndogo ya shokapu, yenye geji ya mpaka psi 300. Pampu ya tairi haifai.

Anza na psi 70 nyuma, ni karibu na uzito wake kwa paundi. Mbele anza na 40. Sukuma ile pete ya mpira iliyo kwenye mlingoti wa shokapu (bomba linaloingia na kutoka) hadi kwenye sili. Kama imekatika, funga uzi wa cherehani. Mtoto apande taratibu na kofia na kila kitu, wewe ushike usukani, akae sekunde kumi bila kurukaruka, ashuke taratibu. Nyuma pete iwe imesogea mm 12 au 13 kati ya 50. Ikizidi ongeza psi 5, ikipungua toa 5. Mbele iwe kama sehemu ya tano ya mwendo wa foku. Ukichomoa pampu utasikia "psss". Huo ni upepo wa kwenye mpira wa pampu, si wa shokapu. (Mwuzaji akiijaza Dar, ukipima Dodoma kwenye mita 1,100 geji itasoma kama psi 2 zaidi. Ipuuze.)

Kisha kile kitufe chekundu cha mwendo wa kurudi, kizungushe hadi mwisho kwenye upande wa haraka. Shokapu ya mtu mzima iliyojazwa psi 70 tu hurudi polepole, kwa sababu upepo unaoisukuma ni mdogo na oili ni ile ile. Mshushe ngazi moja akiwa amekaa. Ikirudi na kutulia mara moja, sawa. Ikibaki imezama, na kwenye mawe mfululizo inazidi kuzama, inabidi ifunguliwe na kuwekwa oili nyepesi zaidi. Hiyo si kazi ya kujaribia nyumbani. Foku ikikataa kutumia mwendo wake wote hata kwa psi 35, fungua kifuniko cha juu baada ya kutoa upepo wote, uone kama kuna vipande vya plastiki vya kujaza nafasi. Vitoe.

Kila akirudi, futa milingoti kwa kitambaa kikavu, safi. Usipake oili ya injini wala grisi, inakamata vumbi na kulipeleka kwenye sili. Usiipeleke kwa waosha magari wa presha. Oili ya miguu ya foku ibadilishwe kila saa 50 za kuendesha, na kwa huku, kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba, ningefanya kila saa 30. Maungio ya nyuma kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye boliti, kwa Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Kama hakijaandikwa, kaza mpaka mchezo uishe, halafu toa shokapu uone mkono wa nyuma unashuka wenyewe kwa uzito wake. Ukibaki hewani umekaza mno.